Jinsi ya Kuuweka Ukubwa Pembeni Ukiwa Bado Kiongozi

Kiongozi anayetaka kujua kama cheo kimeshampanda kichwani asiuulize moyo wake, kwa sababu moyo wa mwenye madaraka ni shahidi anayejipendelea. Aulize jambo linaloweza kupimwa: habari mbaya ya hapa kazini inachukua muda gani kunifikia? Iwapo mtunza stoo aligundua Jumatatu kwamba mzigo umepungua, msimamizi wake akaambiwa Jumatano, na mkuu wa kituo akaja kusikia Ijumaa jioni, tena kutoka kwa mteja aliyefika kulalamika, basi siku hizo zilizopita katikati ndizo kipimo cha kiburi cha ofisi ile, hata kama mkuu mwenyewe ana sauti ya upole na husalimia kila mtu getini.

Hoja ninayoisimamia katika mwongozo huu ni kwamba unyenyekevu wa kiongozi ni utaratibu kabla ya kuwa tabia. Unaonekana katika mambo ya wazi: nani anaanza kusema kikaoni, nani ana haki ya kuzuia malipo, nini kinatokea dakika ya kwanza mtu anapoleta habari ya kosa, na kiti kinaachwaje muda ukifika. Moyo mnyofu ni neema ya Mungu, lakini hakuna mkaguzi anayeweza kuukagua, utaratibu unakagulika. Wanachama wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambao wengi wao hawajawahi kuhudhuria semina yoyote ya uongozi, wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana huweka fedha zao katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikakabidhiwa watu watatu tofauti. Kwa kufanya hivyo hawajamtuhumu mwenyekiti wao kwa lolote. Wamekubaliana tu kwamba hakuna mtu, hata awe mcha Mungu kiasi gani, anayepaswa kubaki peke yake mbele ya sanduku lililo wazi.

Ninawaandikia watu wenye madaraka ya kawaida hapa Dar es Salaam: meneja wa tawi, mkuu wa shule, msimamizi wa ghala la Kariakoo, mwenyekiti wa kikundi kule Tandika au Mbagala, mzee wa usharika, mjumbe wa kamati ya msikiti, na hata mwenyekiti wa kamati ya harusi, ambayo kwa kweli ni shule ya uongozi isiyotoza ada, kwa kuwa pale unaongoza watu usiowalipa mshahara na wanaoweza kuondoka kwenye kundi la WhatsApp wakati wowote.

Adabu yetu na ukimya wake

Jambo la kwanza la kulielewa ni mazingira unayoongozea. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na hilo ni jema. Lakini kijana aliyekuamkia shikamoo saa mbili asubuhi hawezi kirahisi kukuambia saa tano kwamba hesabu ulizopeleka makao makuu zina kasoro. Atazunguka. Atasema "labda tungeziangalia tena kidogo, mzee," na ukimjibu "ziko sawa hizo," atasema "sawa mzee" na kurudi kwenye meza yake. Wewe utahesabu kwamba amekubali, kumbe amekustahi tu.

Kwa hiyo kiongozi wa hapa kwetu anapaswa kujifunza kusikia maneno ya kustahi kwa uzito wake halisi. "Labda" ya mtu wa chini, mara nyingi, ni onyo kamili. "Tutajitahidi" huwa na maana kwamba haiwezekani kwa muda uliotolewa. Ukimya wa mtu aliyezoea kuchangia ni pingamizi. Ukisikia mojawapo ya haya, usipite, simama hapo na uulize kwa utulivu, "Nini kinakutia wasiwasi? Niambie kama unavyomwambia mwenzako mkiwa kwa mama lishe." Huenda asiseme mara ya kwanza. Akiona kwamba waliosema kabla yake hawakudhurika, mara ya pili au ya tatu atasema.

Kikao: aliye juu aseme mwisho

Mahali ambapo ukubwa wa kiongozi hufanya uharibifu mwingi zaidi ni kikaoni, na hapa nitakaa kidogo.

Chukua mfano wa kampuni ndogo inayosambaza vifaa vya ujenzi. Mkuu anafungua kikao cha Jumatatu kwa kusema, "Jamani, mimi nimeona magari yawe yanatoka saa mbili asubuhi badala ya saa kumi na moja alfajiri, ili tupunguze posho. Mnasemaje?" Mhasibu anasema wazo ni zuri. Msimamizi wa mauzo anaongeza kwamba hata yeye alikuwa analifikiria. Dereva, aliyeketi karibu na mlango akiwa na kofia yake magotini, anajua kwamba saa mbili Barabara ya Mandela imeshajaa malori ya bandarini, na kwamba akifika Kariakoo saa nne hapati mahali pa kusimamisha gari, achilia mbali kushusha mzigo. Anaitazama kofia yake, anaigeuza, anasema, "Sawa bosi." Mwezi ukiisha, wateja wawili watatu wameshahamia kwa msambazaji mwingine, na mkuu anauliza kwa hasira kwa nini hakuna aliyemwambia.

Hakuna aliyemwambia kwa sababu alikwisha kusema yeye. Swali "mnasemaje?" likitanguliwa na uamuzi wa mkubwa huwa limegeuka kuwa ombi la kupigiwa makofi. Kikao hichohicho kingeweza kufunguliwa hivi: "Sijaamua bado. Posho ya alfajiri imekuwa kubwa na tunatafuta namna ya kuipunguza. Madereva ndio wanaoijua barabara, tuanze nao. Tukisogeza saa ya kutoka, nini kitaharibika?" Hapo dereva ameulizwa jambo analolijua kuliko wote chumbani, ameulizwa kwanza, na ameulizwa kuhusu ubaya wa jambo, si kuhusu uzuri wake. Hahitaji kumpinga mtu yeyote ili aseme ukweli.

Zingatia basi mambo haya katika kila kikao chenye uamuzi. Peleka hoja kwa wajumbe mapema bila kuambatanisha maoni yako. Anza na mwenye cheo cha chini au mgeni kazini, kisha panda ngazi kwa ngazi, wewe ukimalizia. Wakati wengine wanasema, andika. Kalamu inayotembea inamwambia msemaji kwamba anasikilizwa, na pia inakuzuia wewe usidakie. Ukiuliza swali na chumba kikanyamaza, vumilia ukimya huo kwa muda unaotosha kunywa maji nusu glasi, kwani wakubwa wengi huuliza na kujijibu wenyewe kabla mtu hajafungua mdomo. Aliyetoa hoja ya kupinga, hata kama hoja yake haikushinda, iingizwe katika muhtasari ikiwa na uzito wake, ili siku ikithibitika kwamba alikuwa sahihi kumbukumbu ziwepo.

Baada ya hapo amua. Kuna viongozi wanaodhani kujishusha ni kutoamua, wakaacha kila jambo likining'inia mpaka wote waafikiane. Hao wanawachosha watu wao kuliko hata madikteta. Sema, "Nimewasikia. Nimeamua hivi, kwa sababu hizi. Wewe uliyepinga, nimeelewa hofu yako, na tutalitazama tena mwisho wa mwezi." Mtu aliyesikilizwa kwa dhati huweza kuutekeleza uamuzi asioupenda.

Anayeona kwamba haya ni mambo ya kubembelezana na atazame gharama ya kinyume chake. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, na watu 583 wakapoteza maisha. Kulikuwa na ukungu, na mawasiliano ya redio yaliingiliana. Sababu hazikuwa moja. Lakini rubani mkuu wa KLM, aliyekuwa mwalimu wa marubani na mtu wa kuheshimika sana katika shirika lake, alianza kuruka bila kupewa ruhusa, na mhandisi wa ndege alipouliza kama ile ya Pan Am ilikuwa bado haijaondoka njiani, alijibiwa kwa mkato kwamba imeondoka, naye hakusisitiza. Kutokana na ajali hiyo na nyingine zilizofanana nayo, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani wadogo namna ya kumpinga mkubwa wao, na wakubwa namna ya kupokea pingamizi hilo, na mafunzo hayo leo ni sehemu ya kawaida ya kazi ya urubani.

Mfano wa karibu zaidi uko Ifakara. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko kule Ifakara, mkoani Morogoro. Orodha ilikuwa na mambo 19 tu. Mojawapo liliwataka wote waliomo katika chumba cha upasuaji, kuanzia daktari bingwa hadi muuguzi, wataje majina yao na kazi zao kabla kisu hakijagusa ngozi ya mgonjwa. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali hizo nane kwa ujumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Si haki kuupa utambulisho peke yake sifa zote hizo, kwa kuwa orodha ilikuwa na mengine mengi, kama vile kuhakikisha dawa za kuzuia maambukizi zimetolewa kwa wakati na vifaa vimehesabiwa. Hata hivyo muuguzi aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya daktari bingwa, na kusikilizwa, ameshafungua mdomo mara moja. Kuufungua mara ya pili, akiona kitambaa kimesahaulika, ni rahisi zaidi kwake. Kiongozi wa kikao chochote anaweza kuanza hivyo hivyo, kila mtu aseme neno kabla ya ajenda ya kwanza.

Dakika ya kwanza ya habari mbaya

Mtu ameingia ofisini kwako, amefunga mlango taratibu, amebaki amesimama ingawa kiti kipo. Anakuambia kwamba zabuni imepelekwa ikiwa na bei isiyo sahihi, au kwamba fedha za marejesho ya wanachama hazilingani na daftari. Utakalolifanya katika dakika hiyo litasimuliwa jengo zima kabla ya saa ya chakula cha mchana, na ndilo litakaloamua kama mwingine atakuja kukuambia au atafukia.

Mwambie akae. Mshukuru kwa kukuambia mapema. Kisha uliza jambo limefikia wapi, nani mwingine anajua, na muda uliobaki wa kulirekebisha ni kiasi gani. Swali la nani kafanya liache mpaka moto uzimike. Si kwamba mwenye kosa hatawajibika. Ila ukianza na jina, watu watajifunza kwamba anayeleta habari ndiye anayeanza kuchunguzwa, na hakuna mwenye akili timamu atakayejipeleka tena. Amy Edmondson, ambaye leo ni profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipochunguza timu za wauguzi katika hospitali za Marekani miaka ya 1990, alikuta jambo lililomshangaza: timu zilizoongozwa vizuri zilionekana kuwa na makosa mengi ya dawa kuliko zilizoongozwa vibaya. Alipochimba zaidi akaona kwamba hizi za pili hazikuwa na makosa machache, ziliyaficha tu. Kwa hiyo meneja anayejivunia kwamba idara yake haijawahi kuleta tatizo hata moja kwa mwaka mzima asifurahi haraka.

Ikiwa hasira zimekupanda kweli, na wewe ni binadamu, sema, "Nipe dakika kumi, nitakuita." Toka nje, uwatazame wauza machungwa barabarani, urudi. Hakuna aliyewahi kumdharau mkubwa kwa kuomba dakika kumi.

Kukiri kosa lako

Kukiri kuna kanuni mbili tu ambazo nitazitaja kwa ufupi. Kosa litajwe kwa jina lake, na lirekebishwe mbele ya watu walewale walioliona. Mkubwa aliyemkaripia mtu mbele ya watu kumi na wawili kisha akamwita pembeni kumwomba radhi amelipa nusu ya deni; wale kumi na wawili bado wanaamini kwamba aliyekaripiwa ni mzembe.

Maneno yenyewe yawe ya kawaida: "Jana hapa hapa nilimwambia mwenzetu wa hesabu kwamba amechelewesha ripoti. Nimeangalia, ripoti aliituma Jumanne. Ni mimi ambaye sikuifungua. Naomba radhi kwake, na kwenu mlioshuhudia. Kuanzia sasa nitakuwa nathibitisha kupokea siku ileile." Basi, endelea na ajenda. Jihadhari na ile radhi ya mitego isemayo "kama kuna mtu nilimkwaza, anisamehe", kwa sababu haikiri chochote, na inamtwisha aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Jihadhari pia na kujilaumu kwa kirefu na kwa majonzi mpaka wasaidizi wako waanze kukubembeleza, kwani hapo umeshairudisha shughuli yote kwako.

Historia ya nchi yetu ina mifano miwili ambayo kila kiongozi mdogo angefaa kuifahamu. Mwalimu Nyerere, alipohojiwa mwaka 1984 akiwa bado Rais, alitaja mambo ambayo kama angeanza upya asingeyafanya, nayo ni kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Hakusema kwamba kulikuwa na changamoto katika utekelezaji, kama tunavyopenda kusema siku hizi. Alitaja uamuzi wenyewe, na uamuzi ulikuwa wake. Mfano wa pili ni wa Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kutokana na vifo vya raia waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Hakuwa ameyatenda yeye mwenyewe. Aliona kwamba wizara ni yake, basi na aibu ni yake. Kwamba miaka minane baadaye alikuja kuwa Rais ni jambo ambalo hakuwa na namna ya kulijua siku ile anaandika barua, na anayejiuzulu kwa hesabu ya kurudi juu bado hajaachia kitu.

Mambo madogo yanayolisha majivuno

Cheo huja na vitu vyake: gari, mlango wa peke yake, kiti cha meza kuu, watu wa kukubebea mkoba. Kila kimoja kina sababu yake ya kikazi, na sina ugomvi na gari la ofisi. Ugomvi unaanza pale muda wa wengine unapogeuka kuwa mali yako. Mkuu anayebaki ofisini Posta mpaka saa tatu usiku akimalizia barua pepe ambazo angeweza kuzijibu nyumbani, apige hesabu ya dereva wake: amfikishe bosi Mbezi Beach, alirudishe gari Posta, asaini daftari la mlinzi, kisha atafute usafiri wa kumfikisha Chanika, na kesho saa kumi na mbili asubuhi awe amelisafisha gari. Dereva hatasema neno. Kiongozi aliyeamua kuuweka ukubwa pembeni humwambia kabla ya saa kumi jioni, "Leo nitachelewa, wewe nenda, nitajiendesha," au hutafuta namna nyingine.

Kuchelewa nako ni hivyo hivyo. Tumezoea shughuli ambayo watu mia wanakaa kwenye joto wakimsubiri mgeni rasmi, na akifika saa nzima baadaye mshereheshaji hutangaza ujio wake kana kwamba ni zawadi. Halafu kila anayeshika kipaza sauti hutaja vyeo vya waliopo mmoja mmoja, mpaka apatikane mwungwana wa kusema itifaki imezingatiwa. Kama wewe ndiye mwenye shughuli, una uwezo wa kuanza kwa wakati aliyepo akiwepo, na kuagiza kwamba utambulisho ufanyike mara moja tu. Kama wewe ndiye mgeni rasmi, fika mapema na uketi ulipokuta nafasi hadi utakapoitwa.

Kundi la WhatsApp la ofisi linahitaji tahadhari ya peke yake. Saa nne usiku mkuu anaandika: "NANI amefunga ofisi bila kuzima AC? Huu ni uzembe." Wajumbe kumi na tano wanaweka alama ya mikono iliyokunjwa, hakuna anayejibu, na aliyesahau analala akiwaza barua ya onyo. Weka sheria rahisi: kundini ni taarifa na pongezi tu, karipio ni la ana kwa ana, mchana, mlango ukiwa umefungwa.

Wanaodhani watu wa chini hawayahesabu mambo haya wasome historia ya viwanda vya jiji hili. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikichukua kifungu kile kwa uzito kuliko walivyotarajia baadhi ya waliokiandika. Katika miaka ya 1972 na 1973 viwanda kadhaa vya Dar es Salaam vilikumbwa na migomo ya watu waliolalamikia jinsi mameneja walivyowatendea na kuwatukana, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikishika kiwanda na kuendesha uzalishaji wao wenyewe. Mishahara ilikuwamo katika malalamiko ya wakati ule, lakini dharau ilitajwa waziwazi, na ilitajwa kama kosa la uongozi.

Sifa, na wanaoishi kwa kusifu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku hizi mgema ana watu maalumu wa kumsifu. Wale ambao mjini wanaitwa chawa hawako kwenye siasa na muziki peke yake. Kila ofisi ina mmoja au wawili, na si lazima wawe watu wabaya. Wengi wao wamegundua tu kwamba kwa bosi huyu sifa hulipa haraka kuliko kazi. Dawa ni kubadilisha malipo. Anayekuja na sifa mpe kazi ya kukosoa: "Ahsante. Sasa nitajie sehemu mbili za mpango huu ambazo wewe ungezifanya tofauti." Akishindwa kuzitaja, umejua thamani ya sifa yake. Safari, semina na nafasi za kukaimu zisiende kwa wanaokupendeza bali kwa waliowahi kukuambia jambo usilotaka kusikia na likathibitika kuwa kweli. Hilo likitokea mara mbili, ofisi nzima itakuwa imeelewa.

Sifa zinazotoka nje, kwa mfano bodi ikipongeza kituo chako, zipeleke kwa waliofanya kazi, ukiwataja kwa majina na kwa jambo mahususi walilolifanya. "Ninaishukuru timu yangu" ni maneno yasiyomshukuru mtu yeyote.

Watakaojaribu kukupanda mgongoni

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: nikijishusha, si watanidharau? Wapo watakaojaribu. Kuna mfanyakazi ambaye akiona bosi anasalimia na kuomba radhi, anaanza kufika saa nne na kutoka saa nane. Huyo mwite, mweleze kwa upole na kwa ukamilifu utaratibu unasemaje, andika, na akirudia chukua hatua zilizomo katika kanuni bila kuongeza wala kupunguza. Upole wa sauti hauzuii ukali wa uamuzi, na adhabu iliyotolewa bila matusi ni nzito zaidi kwa sababu aliyeadhibiwa hana cha kulalamikia isipokuwa kosa lake. Kinachopaswa kukutia shaka ni pale unapotaka kumwadhibu mtu kwa sababu amekuaibisha, si kwa sababu amevunja kanuni. Ukiona huwezi kuyatenganisha mawili hayo, mpe mwenzako alisikilize shauri hilo.

Kuna pia unyenyekevu wa maonyesho, ambao watu wa mjini huutambua mara moja: bosi anayesema "mimi ni mtumishi wenu tu" ilhali hakuna hundi ya shilingi elfu hamsini inayopita bila sahihi yake. Heri mkali anayegawa madaraka.

Kuachia

Jaribio gumu kuliko yote ni kuondoka. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa na kwenda kukijenga chama. Na mwaka 1985 aliuacha urais, ingawa uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi 1990. Kawawa mwenyewe ananivutia zaidi katika somo hili. Alipomaliza kipindi chake cha pili cha uwaziri mkuu mwaka 1977 na nafasi ile kwenda kwa Edward Sokoine, alikubali kuwa Waziri wa Ulinzi, akatumika chini ya mtu aliyechukua kiti chake. Ni wangapi kati yetu wangeweza kukaa katika kikao cha VICOBA kama wajumbe wa kawaida, mbele ya mwenyekiti mpya anayebadilisha mambo tuliyoyaanzisha?

Anza kuondoka mapema, ukiwa bado na nguvu. Angalau mara moja kwa mwezi mwachie naibu wako aongoze kikao kizima, nawe usihudhurie. Kuhudhuria ukiwa kimya pembeni hakusaidii, kwa kuwa macho yote yatakuangalia wewe. Andika mambo unayoyajua peke yako: mteja gani anadaiwa na kwa nini anavumiliwa, fundi gani wa jenereta ni mwaminifu, makubaliano gani na mwenye nyumba yalifanyika kwa mdomo. Kiongozi anayeficha maarifa ili asiweze kukosekana amekwisha kuiweka taasisi rehani.

Siku ya makabidhiano ikifika, badilisha watia sahihi wa benki kabla ya sherehe, siyo baada yake. Kabidhi mihuri, nywila, funguo na madeni kwa maandishi, yote yakishuhudiwa. Mpe mrithi wako usimamizi wa kundi la WhatsApp kisha ujiondoe mwenyewe, bila hotuba ndefu. Na kwa miezi ya mwanzo, wajumbe wa zamani watakapokupigia simu usiku kukulalamikia mwenyekiti mpya, kama watakavyofanya bila shaka, wape namba yake waongee naye, na wewe usimpigie kumwambia kwamba wamekupigia.